SOMO: UWAZI WA FEDHA NA MGONGANO WA MASLAHI

Tukisikia neno ufisadi wengi hufikiria fedha iliyoibwa. Somo hili linahusu hatua ya kabla ya wizi: mtu mmoja kuwa mwamuzi na mnufaika kwa wakati mmoja.

Mfano: Shirikisho la Sataranji Duniani

Katika mchezo wa sataranji, yaani chesi, shirikisho la dunia (FIDE) huchagua rais kwa kura moja kwa kila nchi. Kura ya Uganda ni sawa na ya Urusi. Mwaka 2014 bingwa wa zamani, Garry Kasparov, aligombea dhidi ya rais aliyekuwepo, Kirsan Ilyumzhinov. Januari mwaka huo gazeti la New York Times liliripoti rasimu ya makubaliano kati ya Kasparov na Ignatius Leong wa Singapore, Katibu Mkuu wa FIDE. Leong angeleta kura 11 za ukanda wake. Chuo cha sataranji alichosaidia kukianzisha kingepata dola 250,000 kwa mwaka, kwa miaka minne. Kasparov alishindwa kwa kura 61 dhidi ya 110. Mwaka 2015 Tume ya Maadili ya FIDE iliwafungia wote wawili kwa miaka miwili.

Mshindi naye aliwekewa vikwazo na Marekani Novemba 2015, kwa madai ya kuisaidia serikali ya Syria. Mwaka 2018 benki ya UBS ikafunga akaunti za FIDE. Kiongozi mmoja alituhumiwa, wanachama wote wakaumia.

Tunajifunza nini?

Kufundisha watoto sataranji ni kazi njema, lakini wema wa mradi hauondoi mgongano wa maslahi. Vivyo hivyo, mjumbe wa kamati Temeke au Kinondoni anayempa shemeji yake zabuni ya matofali ana mgongano, hata kama bei ni nzuri.

Hatua za kuchukua

1. Kila kikao kianze kwa wajumbe kutaja maslahi yao, na yaandikwe kwenye muhtasari.
2. Mwenye maslahi atoke nje wakati wa uamuzi.
3. Masharti ya kila msaada yasomwe mbele ya kamati nzima.
4. Mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo kila robo mwaka.

Maswali ya kujadili

Je, nani kati yetu ana ndugu anayeuzia mradi wetu? Mfadhili akiomba muhtasari leo, ataona hilo limeandikwa?