Usukani Hukaguliwa kwa Barabara, si kwa Kilomita
Mwongozo kwa wenye magari wa Kericho na Bomet

Kwa nini kibandiko cha sevisi hakitoshi

Kibandiko anachoacha fundi baada ya kubadilisha oili humtaka mwenye gari arudi akishatimiza kilomita 5,000. Kwa injini, hesabu hiyo ina maana. Kwa usukani haielezi lolote. Gari linaloshinda kwenye lami ya Kericho na Nakuru, na Probox inayopanda na kushuka kati ya Litein na vituo vya kununulia chai, yanaweza kutimiza kilomita zile zile huku viungo vya usukani vikiwa vimechakaa kwa viwango tofauti kabisa. Katika ukanda huu mvua hunyesha karibu kila mwezi na chai huchumwa mwaka mzima, kwa hiyo magari hayapati msimu wa kupumzika matope. Ratiba ya kukagua usukani inapaswa kufuata hali ya barabara.

Uharibifu wenyewe huanza na kitu kidogo. Kila bol joint na kila ncha ya tai rodi imefunikwa kwa kikombe cha raba chenye grisi ndani. Jiwe likikichana, maji yenye udongo mwekundu huingia, grisi huoshwa, na changarawe laini husaga chuma kila dereva anapokata kona. Mwanzoni hakuna mlio, ila usukani huanza kuwa na uchezi, yaani unaugeuza kidogo na magurudumu hayaitikii. Kiungo kikiachwa hadi kichomoke, gurudumu hugeukia upande wake na dereva hana la kufanya.

Magurudumu ya nyuma nayo huongoza gari

Yapo magari ambayo magurudumu yake ya nyuma hugeuka. Honda Prelude ya 1987 ilikuwa na ufito uliounganisha usukani na gia ya nyuma: ukikata kidogo, magurudumu ya nyuma yalifuata upande wa yale ya mbele, ukikata sana, yaligeukia upande wa pili. Ya kisasa hutumia mota za umeme na kompyuta. Mwenye gari la aina hiyo ana viungo vingi zaidi vya kukagua, na taa ya onyo ikiwaka kwenye dashibodi, asikubali kung'olewa waya ili taa izimike. Anahitaji fundi mwenye mashine ya kusoma hitilafu, kwa sababu kipuri cha nyuma kikibadilishwa, kompyuta huenda ikahitaji kufundishwa upya mahali magurudumu yanaponyooka. Magari mengi ya kwetu hayana mfumo huo, lakini ekseli ya nyuma imeshikwa kwa bushi za raba, na bushi zikilika, ekseli husogea gari linapofunga breki au kuinama kwenye kona. Mkia ukivuta upande, dereva hurekebisha kwa usukani, kisha lawama hubebeshwa magurudumu ya mbele.

Jinsi ya kukagua

Egesha mahali tambarare, vuta hendibreki, zuia magurudumu kwa mawe, na usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Inua gurudumu moja la mbele, lishike kushoto na kulia, ulitikise: likicheza, shuku tai rodi au ncha ya reki. Lishike juu na chini: likicheza, shuku bol joint au bearingi. Kisha pitisha kiganja juu ya tairi, kutoka nje kwenda ndani na kurudi. Ukihisi ukali kama meno ya msumeno kwa upande mmoja, magurudumu hayajanyooka. Fanya vivyo hivyo nyuma. Mwisho tazama raba za viungo, na kiwango cha oili ya usukani kama gari lako linaitumia.

Hoja tunazosikia

Wengine husema ukaguzi wa serikali unatosha. Ukaguzi huo huonyesha hali ya gari siku ile tu, ilhali Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka sehemu zote za gari ziwe salama wakati wote. Wengine husema alaimenti inatosha. Kunyoosha magurudumu juu ya kiungo kilicholika ni kupoteza pesa, kwani kipimo hupotea kwenye shimo la kwanza. Badilisha kiungo, ndipo unyooshe, na udai magurudumu yote manne yapimwe. Hoja ya gharama ina uzito, hasa kwa anayengoja malipo ya majani. Lakini kupasuka kwa raba huonekana mapema, na kiungo kimoja ni nafuu kuliko jozi ya matairi iliyolika kwa miezi michache.

Gharama nyingine haihesabiki. Tarehe 30 Juni 2023, lori liliacha njia katika makutano ya Londiani na watu zaidi ya 50 wakafa. Hatudai kwamba usukani ndio ulioharibika. Tunalitaja tukio hilo kwa sababu kando ya barabara zetu ndiko kuliko soko, steji na watoto wa shule, na gari lisiloongozeka huishia hapo.

Basi kagua kila mwezi kama gari lako hupita barabara za chai, kila mvua kubwa zinapokwisha, na siku ile ile linapogonga shimo kwa nguvu. Uchezi ukiuona, gari lisibebe abiria wala majani hadi fundi alitengeneze.