SOMO: "ILE HELA TUMA KWENYE NAMBA HII"



Ujumbe huu umeenea sana hapa Tanzania. Tapeli anayeutuma hakufahamu. Huupeleka kwa watu wengi, akitumaini kwamba miongoni mwao yupo aliyeahidi kumtumia mtu fedha siku hiyo. Mhazini anayesubiri namba ya muuza saruji hudhani ni yeye, na sadaka ya waamini inapotea.

Tuzingatie haya:

1. Namba ikiwa mpya, mpigieni mhusika kwa namba yake ya zamani kabla ya kutuma.
2. Watu wawili wasome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo.
3. Mtu akidai amekosea kukutumia fedha, angalia salio kwanza. Usimrudishie mwenyewe, aende kwa kampuni yake ya simu.
4. Namba ya siri haitajwi kwa yeyote.
5. Mfadhili akipewa namba mpya ya kuchangia, aulize kwanza ofisi ya parokia.

Ukipokea ujumbe wa kitapeli, tuma neno UTAPELI kwenda 15040, kisha fuata maelekezo.

Kwa majadiliano: Someni Mithali 14:15. Je, katika kamati yetu, nani huhakiki kabla fedha haijatoka?