Kujipikia Ssese: Safari Inayoanzia Sokoni Kampala

Ssese ni visiwa 84 vilivyotawanyika upande wa kaskazini-magharibi wa Ziwa Viktoria, kusini mwa Kampala na Entebbe, na ndiyo pwani ya nchi isiyo na bahari. Kisiwa kikubwa kuliko vyote ni Bugala. Juu ya kilima chake umekaa mji wa Kalangala, makao makuu ya wilaya, na chini, kwenye ghuba ya Lutoboka, zimejipanga hoteli na nyumba za wageni zinazotazama mchanga. Nyingi hulisha wageni wao. Zipo pia nyumba zenye jiko, ambamo familia au kundi la marafiki hukaa siku tatu nne wakijipikia kwa gharama ndogo kuliko ya mezani pa hoteli. Likizo ya namna hiyo hufanikiwa au huharibika Kampala, siku moja kabla ya kuvuka. Kisiwani kuna samaki, mkaa na maduka ya mahitaji madogo. Vitu vingine vingi vimeletwa kwa chombo, na bei yake imebeba nauli.

Kabla ya kulipia nyumba, mwenyewe aulizwe maswali machache, na la kwanza huwashangaza wengi: je, mchanga upo? Mwezi Mei 2020 ziwa lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likavunja rekodi ya mwaka 1964, na fukwe nyingi za Entebbe na Lutoboka zikamezwa pamoja na mabanda yaliyokuwa juu yake. Maji hupanda na kushuka kwa miaka, wala si kwa saa kama bahari inavyojaa na kupwa, kwa hiyo picha ya miaka mitatu iliyopita si ushahidi wa kitu. Baada ya mchanga yafuate ya jikoni. Jiko ni la gesi au ni sigiri, yaani jiko la mkaa? Sufuria zipo ngapi, na kubwa yao inatosha watu wangapi? Friji inafanya kazi usiku kucha? Umeme wa Bugala huzalishwa hukohuko kisiwani kwa jua na dizeli, na anayepanga kuhifadhi kilo tano za nyama afadhali ajue mapema kama nyumba imeunganishwa. Vyandarua viulizwe kimoja kwa kila kitanda.

Baada ya hapo ni sokoni. Kampala ina masoko mengi, lakini kwa safari hii yanatosha matatu. Nakasero, kwenye kitako cha kilima cha jina hilo katikati ya jiji, lina matunda na mboga zilizochaguliwa, viungo vya Kihindi kwenye maduka ya pembeni, na bei za watu wanaojua kwamba mteja ana haraka. Owino, ambalo kwenye karatasi huitwa St. Balikuddembe, ni la nafaka, maharage, vyombo na mitumba. Huko sufuria iliyosahaulika hupatikana kwa bei nafuu. Kalerwe, upande wa kaskazini kwenye njia ya Gayaza, ndiko malori ya shamba hushusha mzigo alfajiri, na anayefika kabla ya saa mbili asubuhi hununua kwa bei nzuri kuliko anayekuja mchana. Aliyeteremka na ndege Entebbe hana haja ya kupanda Kampala kisha ashuke tena: soko la Kitooro pale Entebbe lina karibu kila kitu, ila uchaguzi ni mdogo.

Kiswahili kinaeleweka kwa wauzaji wengi wa Kampala, ingawa wengine hukijibu kwa kusitasita, kwa kuwa kwa miaka mingi kilisikika zaidi midomoni mwa askari. Maneno machache ya Kiganda hulainisha biashara. Muuzaji mwanamume ni ssebo, mwanamke ni nnyabo, bei huulizwa kwa "ssente mmeka?" na kupunguziwa huombwa kwa "salako". Viazi vitamu ni lumonde, mkaa ni manda, nyanya ni nyanya. Saa nazo ni zilezile za Kiswahili, zinahesabiwa tangu jua linapochomoza, ila ratiba zilizochapishwa hufuata hesabu ya Kiingereza, na hapo ndipo watu hukosa chombo.

Matooke yanastahili kuelezwa kwa kituo, kwa kuwa mgeni huyanunua kwa furaha na kuyapika kwa majuto. Ni ndizi za kijani zinazouzwa kwa mkungu au kwa kichana. Zikifungiwa gunia kwenye joto huiva na kuwa za manjano, kwa hiyo ya siku mbili yanatosha. Utomvu wake huganda viganjani na kuacha weusi usiotoka kwa sabuni. Wapishi hujipaka mafuta mikononi kwanza, humenya kwa kisu kifupi na kuitumbukiza kila ndizi kwenye maji hapohapo. Chini ya sufuria hutandikwa vikonyo vya majani ya mgomba, maji hutiwa yasifikie ndizi, na ndizi zenyewe hufungwa ndani ya majani yaliyolainishwa motoni. Zikishaiva kwa mvuke, bunda hukandwa kwa viganja bila kufunguliwa, kisha hurudishwa kwenye moto mdogo. Yote hayo huchukua saa mbili na zaidi. Asiye na subira hiyo abebe mchele.

Mboga inayovumilia safari kuliko zote ni karanga zilizosagwa. Masokoni husagwa kwa mashine, hukaa siku kadhaa bila friji, na zikipikwa pamoja na samaki mkavu hutoa mchuzi mzito unaokwenda na matooke, viazi au wali. Aliyezoea tui kama watu wa Mombasa na Tanga asitegemee sana nazi: hapa ni mgeni kama yeye, imesafiri kutoka pwani, nayo huuzwa kwa bei ya mgeni. Mafuta ya kupikia yachukuliwe bara. Bugala imefunikwa na mashamba makubwa ya michikichi, na kiwanda cha kukamua kipo hukohuko, lakini mafuta ghafi hupelekwa Jinja kusafishwa, kwa hiyo chupa iliyo kwenye rafu ya duka la Kalangala huenda imelivuka ziwa mara mbili. Chumvi, chai, sukari, kiberiti, sabuni, tochi na karatasi za chooni ni vitu vidogo ambavyo kukosekana kwake humpandisha mtu kilimani usiku. Nyama, kwa atakaye ya halali, inunuliwe kwenye bucha linalojulikana kuwa la Waislamu, igandishwe usiku, isafirishwe ndani ya kisanduku chenye barafu.

Mzigo wote huo uwekwe kwenye vikapu. Uganda iliweka sheria dhidi ya mifuko ya plastiki, kaveera, mwaka 2009, ila wauzaji bado huitoa kwa kila fungu la nyanya. Msafiri atakayerudi nyumbani kupitia Rwanda, Kenya au Tanzania aiache Uganda, kwa kuwa nchi hizo tatu zimeipiga marufuku na mipakani hukaguliwa.

Njia za kuvuka ni mbili za kuaminika. Ya kwanza ni meli ya MV Kalangala, inayoondoka Nakiwogo, Entebbe, saa nane mchana na kutumia kama saa tatu na nusu hadi Lutoboka. Kutoka Kampala matatu za Entebbe, ambazo Waganda huziita taksi, hupakia kwenye kituo cha zamani katikati ya jiji. Kundi lenye vikapu sita litaepuka hasira kwa kukodi gari na kupita barabara ya kasi iliyofunguliwa mwaka 2018, ambayo tangu Januari 2022 hulipiwa. Tiketi hukatwa bandarini, na mwisho wa wiki kufika kabla ya saa sita ni busara. Meli hutia nanga jua likikaribia kuzama. Maana yake ni kwamba chakula cha usiku wa kwanza hakipikwi, kinabebwa. Mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu na chapati zilizoviringishwa na mayai, ambazo vijana wa mitaani wamezibatiza jina la rolex, hutatua jambo hilo.

Ya pili ni barabara ya Masaka, kama kilomita 130 kutoka Kampala, ikipita ikweta pale Kayabwe. Masaka mtu hukata kushoto kwenda Bukakata, na hapo kivuko huvusha watu na magari hadi Luuku, Bugala, bila malipo. Ndiyo njia ya wenye gari. Sikukuu foleni ya magari hupoteza nusu ya siku.

Mitumbwi ya mbao yenye injini nayo huvusha abiria, hasa kwa visiwa vidogo visivyofikiwa na meli. Hapo sharti ni jaketi la kuokolea, limevaliwa na kufungwa, si limekaliwa. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe MV Templar ilizama upande wa Mukono, na zaidi ya watu 30 wakafa. Dhoruba za ziwa hili hupiga zaidi usiku na alfajiri, kwa hiyo mtumbwi unaoondoka gizani haufai kwa mgeni.

Kwenye ratiba ya mwaka, Juni hadi Agosti na Desemba hadi Februari ndiyo miezi yenye nafuu ya mvua. Koti la mvua libebwe mwezi wowote.

Maji ya Ssese hayana chumvi, na uzuri huo una gharama yake. Watu wa mwambao wanakifahamu kichocho cha mkojo. Cha Ziwa Viktoria ni cha tumbo, na dalili yake ni damu kwenye choo, au hakuna dalili kabisa kwa muda mrefu. Vijidudu hutoka kwa konokono wa maji walioko kwenye magugu ya ufukweni na hupenya ngozi kwa dakika chache, hivyo kujifuta taulo upesi si kinga. Anayeogelea achague mahali pasipo na magugu wala mwalo wa wavuvi, awaulize wenyeji kuhusu mamba, na apime wiki sita hadi nane baada ya kurudi. Dawa yake, prazikwanteli, ipo na haigharimu sana. Malaria ipo mwaka mzima. Dawa za kinga zianzwe kwa ushauri wa daktari kabla ya safari, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kisiachwe nyumbani, kwa kuwa huulizwa mpakani. Maji ya kunywa yachemshwe.

Samaki hununuliwa mwaloni asubuhi, mitumbwi inaporudi. Majina hubadilika kwa nchi: sangara wa Mwanza hapa ni mputa, sato ni ngege, na dagaa ni mukene. Aliye mzuri ana macho angavu, mashavu mekundu, na nyama inayorudi ikibonyezwa. Asinunuliwe samaki mchanga hata akiuzwa kwa bei ya kutupa. Mwaka 2017 wanajeshi walianza kusimamia uvuvi ziwani, na mwenye samaki wa chini ya kipimo ana kesi ya kujibu. Pesa taslimu za noti ndogo ndizo zinazotumika huko. Huduma za pesa kwa simu zipo, ila wakala wa kisiwani huweza kuishiwa.

Jioni za mwezi mwandamo, vidudu vya ziwani vinavyoruka huinuka juu ya maji kama moshi wa shamba linaloungua, kisha hufuata taa. Haviumi, lakini hujaza sufuria isiyofunikwa. Wenyeji hupika mapema na kuzima taa ya jikoni.

Kurudi, MV Kalangala huondoka Lutoboka saa mbili asubuhi na kufika Nakiwogo kabla ya adhuhuri. Kwa hesabu hiyo ndege ya jioni inawezekana. Lakini meli husimama mara kwa mara kwa matengenezo, na ikisimama njia iliyobaki ni Luuku, Bukakata na Masaka, yaani siku nzima barabarani. Mwenye tiketi ya ndege alale Entebbe usiku wa mwisho.