Ijue Mahakama ya Juu na Majaji Wake

Wakaazi wengi huchanganya Mahakama Kuu na Mahakama ya Juu. Mahakama Kuu iko hapa kisiwani, na rufaa zake huenda Mahakama ya Rufaa. Mahakama ya Juu iko Nairobi, nayo ndiyo ya mwisho: uamuzi wake lazima ufuatwe na mahakama nyingine zote.

Ina majaji saba: Jaji Mkuu, Naibu wake na wengine watano. Kesi husikizwa na majaji wasiopungua watano.

Majaji hawapigiwi kura. Tume ya Huduma za Mahakama hutangaza nafasi, huwahoji waombaji, kisha humpendekezea Rais anayefaa ili amteue. Jaji Mkuu na Naibu wake huidhinishwa kwanza na Bunge la Kitaifa. Mwombaji awe na tajriba ya sheria ya miaka 15 au zaidi. Jaji hustaafu akifika miaka 70.

Si kila rufaa hufika huko. Sharti ihusu ufafanuzi wa Katiba, au ithibitishwe kuwa na umuhimu kwa umma. Kesi moja ya mirathi kutoka Mombasa ilifika. Mwaka 2025, Mahakama iliamua kuwa watoto wasinyimwe urithi wa baba yao Mwislamu kwa kuwa tu walizaliwa nje ya ndoa.

Basi majina ya waombaji yakitangazwa, usinyamaze. Unaweza kuiandikia Tume ukisema unachokijua juu yao. Jaji anayehojiwa leo huenda kesho akaamua mirathi ya nyumba yenu ya Mji wa Kale.