Sheria za Waganga wa Meno: Kulinda Jina na Kulinda Kazi

Mtu aumwaye na jino hana subira ya kuchagua mganga. Usiku hapati usingizi, na kukipambazuka humwendea yeyote aliye karibu mwenye koleo. Kwa hiyo mng'oa meno hana budi kuchunguzwa kabla mgonjwa hajamfikia. Tena hatari si ndogo. Koleo lisilochemshwa huweza kuchukua ugonjwa kutoka kinywa cha mmoja hata cha mwingine, na usaha wa jino huweza kushuka shingoni ukaziba pumzi. Leo twataka kueleza jinsi sheria ilivyoingia katika jambo hili huko Uingereza, na katika Bara Hindi iliyotawaliwa na Waingereza hata mwaka 1947.

Zamani katika Uingereza vinyozi, wahunzi na wauza dawa waling'oa meno bila kuulizwa na mtu. Mwaka 1878 Bunge lilitoa sheria. Daftari la majina likafunguliwa, likawekwa mikononi mwa Baraza Kuu la Matabibu, na mtu asiyeandikwa humo akakatazwa kujiita mganga wa meno. Lakini wasomaji na waangalie sana: alikatazwa jina, hakukatazwa kazi. Wenye hila walitangaza madirishani mwao kwamba meno hung'olewa humo bila maumivu, wasijipe cheo chochote. Shauri la namna hiyo lilifika mbele ya Baraza la Malodi, mahakama ya juu ya nchi ile, mwaka 1910; nalo likaamua kwamba sheria haikuvunjwa. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa, wa nyuma u wazi.

Sheria ya mwaka 1921 iliufunga mlango huo kwa kukataza kazi yenyewe kwa wasioandikwa. Hapo likazuka swali gumu: je, wale waliolisha watoto wao kwa kazi hiyo miaka mingi bila cheti, watupwe? Bunge halikuwatupa. Mtu mzima mwenye sifa njema, aliyeishi kwa kazi hiyo miaka 5 katika ile 7 iliyotangulia, aliweza kuandikwa bila mtihani. Hata wagonjwa walio mbali walikumbukwa: muuza dawa aliyeandikishwa aliruhusiwa kung'oa jino penye dharura, ikiwa hapana tabibu wala mganga wa meno, na asitumie dawa ya ganzi wala ya usingizi.

Katika Bara Hindi, chuo kilitangulia sheria. Dk. Rafiuddin Ahmed, aliyesomea ufundi huo Marekani, alifungua chuo cha meno mjini Calcutta mwaka 1920. Mwaka 1939 jimbo la Bengal likapata sheria ya kuwaandikisha waganga wa meno. Mwaka 1948, nchi ikiisha kujitawala, ikatolewa sheria kwa nchi nzima. Daftari lake lilikuwa na sehemu mbili: ya kwanza ya wenye vyeti vilivyokubaliwa, na ya pili ya wasio navyo, lakini walioishi kwa kazi hiyo kwa muda usiopungua miaka 5.

Katika habari hizi twaona mambo matatu. Kwanza, sheria ilindayo jina tu haimlindi mgonjwa. Pili, kukataza wasiojua bila kufundisha watakaojua ni kuwaacha watu na maumivu yao. Tatu, sheria mpya na imtazame kwa haki mtu aliyeitangulia, lakini jina lake liandikwe mahali pa kweli, ili cheti na mazoea visichanganywe.

Basi wakubwa na walimu, mgeni akifika sokoni na koleo lake, msimwulize bei kwanza. Mwulizeni jina lake limeandikwa katika daftari gani. Aliye wa haki hatachukizwa na swali hilo.