James Logan, Jaji Mkuu wa Pennsylvania

James Logan alizaliwa mwaka 1674 katika mji wa Lurgan, nchi ya Ireland. Wazazi wake walikuwa watu wa Chama cha Marafiki, waitwao Quaker, chama kile ambacho wamisionari wake walifika Kaimosi, Kenya, mwaka 1902. Mwaka 1699 Logan alivuka bahari pamoja na William Penn, mwenye koloni la Pennsylvania huko Amerika, akiwa karani wake.

Kwa bidii yake alipanda cheo. Alifanya biashara ya ngozi na wenyeji wa nchi, akatajirika. Alikuwa Meya wa Philadelphia, na tangu mwaka 1731 hadi 1739 alikuwa Jaji Mkuu. Alikusanya vitabu zaidi ya 2,000.

Logan alipenda pia kuchunguza mimea. Katika bustani yake alipanda mahindi, akakata maua yaliyo juu ya mabua mengine. Na mahindi mengine akayafunika ndevu kwa kitambaa chembamba. Yaliyofunikwa hayakutoa hata punje moja iliyokomaa. Hivyo alionyesha kwamba unga wa ua la juu lazima uangukie ndevu ndipo punje zipatikane, na kwamba upepo huuchukua. Habari hizo zilichapishwa London mwaka 1736.

Lakini mtu huyo aliyepima mambo ya shamba kwa uangalifu hakuipima ardhi ya Walenape kwa uaminifu kama huo. William Penn alikuwa amejenga urafiki nao kwa kununua ardhi yao kwa mapatano. Baada ya kufa kwake mwaka 1718, wanawe walikuwa na madeni, wakataka ardhi ya kuuza. Logan, akiwasaidia, alitoa nakala ya hati iliyosemekana kuwa ya mwaka 1686. Ilisema kwamba mpaka utafika mahali ambapo mtu aweza kufika kwa kutembea siku moja na nusu.

Mwaka 1737 wazee wa Walenape walikubali, wakidhani ni mwendo wa kawaida. Kumbe njia ilikuwa imefyekwa mapema, na watu watatu wenye mbio wameajiriwa. Wawili walishindwa njiani. Wa tatu, Edward Marshall, alifika zaidi ya maili 50. Walenape walilalamika, lakini mwaka 1742 walilazimishwa kuhama. Logan alikufa mwaka 1751. Miaka minne baadaye vita vilizuka, na malalamiko ya ardhi hiyo yalikuwa moja ya sababu zake. Hata mwaka 2004 wazao wa Walenape waliipeleka kesi hiyo mahakamani, wala hawakufaulu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Walenape walipotewa na mali yao kwa daftari lenyewe, kwa kuwa aliyelishika ndiye aliyelisoma, na aliyelisoma ndiye aliyefaidika. Elimu ya Logan ilikuwa kubwa. Haki ndiyo iliyopungua.