Hiari, Sheria na Usalama: Namna ya Kufundisha Uchangishaji wa Fedha kwa ajili ya Wanyamapori

Utangulizi

Wakati wa mazoezi ya kufundisha tulipata kumtembelea mwanachuo mmoja katika shule ya msingi iliyo jirani na hifadhi. Alikuwa na bidii ya kusifiwa. Klabu ya wanyamapori ya shule ile ilikuwa imelala, naye akaiamsha. Kisha akaamua kwamba watoto wakichangie chama kimoja cha kuhifadhi tembo. Kila mtoto aliagizwa kuleta shilingi 500. Waliokuja mikono mitupu walisimamishwa nje mpaka kipindi kikaisha. Juma lile lile tulipitia daftari za insha za darasa la tano. Mtoto mmoja alikuwa ameandika: "Tembo walikula mahindi ya baba. Sasa wanataka na pesa za mama."

Hapakuwa na kosa la kusahihisha kwa wino mwekundu. Kosa lilikuwa letu wakufunzi, kwa kuwa tulimfundisha mwanachuo yule habari za uhifadhi, lakini hatukumfundisha namna ya kumwomba mtu fedha. Makala haya yanaeleza somo tulilolitunga baadaye ili kuziba pengo hilo.

Kwamba wanyamapori wanahitaji msaada wa wananchi si jambo la kubishaniwa. Katika Tamko la Arusha la mwaka 1961, Mwalimu Nyerere aliahidi kwamba taifa litawatunza wanyama hao kwa faida ya wajukuu wetu. Klabu za Malihai, zilizoanzishwa mwaka 1980, ziliipeleka ahadi hiyo mashuleni, na jina lao linakumbusha kwamba wanyama ni mali iliyo hai. Hata hivyo, hesabu za tembo nchini zilishuka kutoka takribani 109,000 mwaka 2009 hadi takribani 43,000 mwaka 2014, hasa kwa sababu ya ujangili. Basi haja ipo. Swali la somo letu ni hili: haja hiyo itimizwe kwa njia gani ili anayetoa, anayepokea na anayekusanya wote wabaki salama?

Shabaha ya Somo

Baada ya vipindi vinne mwanachuo aweze:
(a) kueleza tofauti ya mchango wa hiari na mchango wa lazima;
(b) kutaja vibali vinavyohitajika kabla ya kukusanya fedha;
(c) kupanga ulinzi wa watoto na wa fedha;
(d) kuandika na kusoma hadharani hesabu ya mapato na matumizi.

Vifaa

Kitabu cha stakabadhi chenye nakala. Kopo lenye tundu, ambalo kifuniko chake kimebandikwa karatasi yenye saini mbili. Daftari la fedha. Vikadi vya mikasa. Na vifuniko vya soda vitakavyotumika kama sarafu.

Hatua ya Kwanza: Fedha ni za nini?

Mkufunzi awape wanachuo dakika kumi kuandika sentensi tatu: tunaomba kiasi gani, kwa kazi gani, na fedha zikizidi zitakwenda wapi. Aghalabu majibu ya kwanza huwa mapana mno, kama vile "kuokoa wanyama". Yafaa yakataliwe kwa upole. Mchangiaji ana haki ya kujua anachokinunua kwa fedha yake.

Mfano tunaoupenda ni uzio wa pilipili. Kamba ya katani huzungushwa shambani, nayo hutundikwa vitambaa vilivyochovywa katika mchanganyiko wa pilipili na oili chafu. Tembo huchukia harufu ile akageuka. Kazi hiyo humlinda mkulima, na humlinda tembo asiuawe kwa hasira ya mkulima. Gharama zake zahesabika: kamba, vitambaa, pilipili, oili. Mwanachuo aliyeorodhesha vitu hivyo na bei zake sokoni amekwisha kufanya nusu ya kazi.

Ikiwa fedha zitakabidhiwa chama fulani, wanachuo wajifunze kuomba mambo mawili: nakala ya cheti cha usajili, na barua ya chama inayowaruhusu kutumia jina lake. Asiye na barua hiyo anachangisha kwa jina asilokabidhiwa, hata kama nia yake ni njema.

Hatua ya Pili: Sheria yasemaje?

Hapa tumeona kwamba mhadhara huchosha, lakini mikasa huchangamsha. Kila kikundi kipewe kikadi kimoja, kijadili kwa dakika kumi na tano, kisha kitetee uamuzi wake mbele ya darasa.

Mkasa wa kwanza. Mwalimu anataka kila mtoto alete mchango wa klabu. Wanachuo wakumbushwe kwamba elimu katika shule za msingi za Serikali ni bila ada, na kwamba Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima, akaelekeza kwamba mzazi anayependa kuchangia ampelekee Mkurugenzi wa Halmashauri, si mwalimu. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote mwalimu mkuu aandikiwe, naye aiandikie Halmashauri, na waraka unaotumika wakati huo usomwe neno kwa neno.

Mkasa wa pili. Klabu inapanga matembezi ya hisani barabarani. Polisi wapewe taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla, ikitaja njia, saa na idadi ya watembeaji. Mwalimu asiichukulie barua hiyo kuwa usumbufu, kwani ndiyo itakayomletea askari wa kuwavusha watoto.

Mkasa wa tatu. Mtu anashauri bahati nasibu, tikiti ziuzwe na wanafunzi. Nchini Tanzania michezo hiyo husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, wala haiwahusu watoto. Maonyesho ya ngoma na ngonjera yatavuta watu bila kumwingiza mtoto katika kamari.

Mkasa wa nne. Mzee mwema analeta bangili ya pembe ya ndovu ili ipigwe mnada kwa faida ya klabu. Vikundi vingi huipokea kwa shukrani, nasi huwaacha wafike mwisho wa hoja yao. Kisha tunasoma pamoja maana ya nyara katika Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009: pembe, jino, ngozi, kucha, manyoya, hata yai. Kuwa na nyara bila kibali ni kosa, na kuiuza ni kosa juu ya kosa. Mzee aelezwe kwa heshima, kitu kisipokewe, na ushauri uombwe kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya. Mkasa huu hukumbukwa kuliko yote.

Hatua ya Tatu: Usalama

Ifanyike kwa igizo. Mwanachuo mmoja awe mtoto mwenye kopo, mwingine mlevi wa kilabuni, wa tatu mama anayesema, "Sina kitu leo, mwanangu." Baada ya igizo darasa litunge kanuni zake. Madarasa yetu yamefikia hizi: mtoto asikusanye fedha peke yake, wala nyumba kwa nyumba, watu wazima wawili wawepo daima, kazi iishe kabla jua halijatua, kopo lisifunguliwe njiani, anayenyang'anywa asipigane, kwa kuwa fedha hupatikana tena. Picha za watoto zisisambazwe bila ridhaa ya wazazi. Kwa yule mama, jibu ni moja tu: "Asante, mama, siku njema." Asiulizwe tena.

Fedha zinazotumwa kwa simu ziende kwenye namba ya taasisi, zisiende kamwe kwenye simu ya mwalimu. Walimu waadilifu wamewahi kushukiwa kwa sababu hiyo tu.

Hatua ya Nne: Hesabu

Kopo lifunguliwe mbele ya watu watatu. Wape wanachuo zoezi hili: nakala za stakabadhi zaonyesha shilingi 14,300, ndani ya kopo mna shilingi 13,800. Tufanye nini?

Wengi hujibu kwamba mwalimu aongeze shilingi 500 kutoka mfukoni. Nia ni njema, lakini jibu si sahihi. Akiongeza, daftari litasema jambo ambalo halikutokea, na atakayefuata hatajua kwamba pana tundu. Upungufu uandikwe, utiwe saini, utafutiwe sababu. Fedha zipelekwe benki siku ile ile au siku ya kazi inayofuata, na hesabu ibandikwe mahali wazi.

Upimaji

Mwanachuo aandike mpango kamili wa kurasa mbili pamoja na barua mbili za kuomba kibali. Tunampima kwa swali moja kuu: je, katika mpango huu mtu anaweza kukataa kuchangia bila kuona haya wala kuadhibiwa? Ikiwa hawezi, mpango urudiwe, hata kama hesabu zake zimenyooka.

Hitimisho

Mwanachuo tuliyemtaja alirudisha fedha zote katika mkutano wa wazazi, jina kwa jina. Muhula uliofuata, kwa kibali cha maandishi, klabu yake ilionyesha ngonjera bila kiingilio, na sanduku likawekwa mlangoni kwa ajili ya uzio wa pilipili. Baba wa yule mtoto wa insha alikuja. Hakutoa kitu, wala hakuulizwa. Lakini alikaa mpaka hesabu ikasomwa yote, kisha akanyosha mkono kuuliza kamba hiyo itaanzia shamba la nani. Kwa maoni yetu, pale ndipo somo lilipoanza kueleweka.